Tusiwe Matarishi wa Waongo



Somo la mwezi huu si la Zaburi wala la historia ya Kanisa. Tumeombwa na Umoja wa Mama, pamoja na baadhi ya wazee, tuandike juu ya ujumbe wa uongo unaoingia katika simu zetu. Sababu yao ni kwamba tangu mwanzo wa mwaka watu watatu wa mtaa wetu wa Kanisa wamepoteza fedha kwa njia hiyo, na wengine wengi, bila kupoteza hata senti moja, wamekuwa wakiusambaza uongo huo kwa bidii kuliko wanavyosambaza matangazo ya Jumapili.

Tuanze na hao wa pili, wale wanaosambaza. Aghalabu ujumbe wenyewe huja ukiwa umevaa sura ya wema. Wasema kwamba iko video iitwayo "Dansi ya Papa", ambayo ukiifungua tu itafuta kila kitu kilichomo katika simu yako; kwamba habari hiyo imetangazwa leo redioni; kwamba uwahi kuwaarifu ndugu na rafiki zako wote. Mtu mwema akisoma hivyo hangoji. Hulituma katika kundi la kwaya, kundi la ukoo, na kundi la wale aliosoma nao zamani, na ifikapo jioni ujumbe ule ule humrudia kutoka kwa shemeji yake aliyeko Masasi. Basi na ijulikane kwamba ujumbe huo wa Dansi ya Papa umezunguka dunia kwa miaka mingi na kwa lugha nyingi, wala kirusi chenyewe hakikuwahi kupatikana. Ile "leo" iliyoandikwa ndani yake haina tarehe, na kwa sababu haina tarehe haizeeki.

Hatusemi kwamba virusi vya kompyuta havipo. Vipo. Kirusi ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, nayo mashine huyafuata kama mwanafunzi mtiifu asiyeuliza swali. Tarehe 4 Mei 2000 kilitoka Ufilipino kirusi kilichoitwa ILOVEYOU. Kilifika kwa baruapepe yenye maneno ya mapenzi na kiambatisho chake; aliyekifungua kiambatisho ndiye aliyekiamsha kirusi, nacho kikaharibu mafaili yake na kujituma chenyewe kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha yake ya anwani. Hicho kilikuwa kweli kabisa, na ofisi nyingi duniani zilisimama siku ile.

Walakini kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1994, kulikuwa na kingine ambacho hakikuwapo, nacho kilisumbua watu karibu sawasawa. Ulienea ujumbe huko Marekani kwamba ikija baruapepe yenye kichwa "Good Times" usiisome, maana kuisoma tu kutafuta kumbukumbu zote za kompyuta yako. Baadaye ujumbe ukaongezewa chumvi: ikasemwa kwamba Tume ya Mawasiliano ya Marekani ndiyo iliyotoa onyo, na kwamba kirusi hicho huizungusha akili ya kompyuta katika mzunguko wa hesabu usio na mwisho hata ikaharibika. Tume hiyo haina kazi ya kutoa maonyo ya virusi, na yale maneno ya mzunguko hayakuwa na maana yoyote kwa mtu aliyesoma kompyuta. Yaliwekwa pale kwa sababu yanasikika kama ya kitaalamu. Basi waliosema kwa mzaha kwamba kirusi cha Good Times ni ule ujumbe wenyewe hawakukosea, kwa kuwa ndio ulioingia kila mahali, ukajaza masanduku ya barua na kupoteza saa za kazi za watu, na aliyeusukuma kila mara alikuwa binadamu mwenye nia njema.

Mwaka 2002 jambo likapiga hatua. Ulikuja ujumbe ukisema: tafuta katika kompyuta yako faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ndogo ya dubu; ukilikuta, ujue umeambukizwa; lifute upesi na uwaarifu wote waliomo katika orodha yako. Watu wakatafuta, na kweli wakamkuta dubu! Wakafuta, wakawaarifu wenzao, nao wenzao wakamkuta dubu. Kumbe faili lile lilikuwa sehemu halali ya Windows, lililowekwa na watengenezaji wenyewe, na kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa nalo. Hapakuwa na kirusi. Mwenye kompyuta ndiye aliyeshika nyundo akaibomoa nyumba yake kwa mkono wake, akiamini kwamba anaua nyoka. Tunaliona jambo hili kuwa kiini cha somo letu, kwa maana hata wezi wa fedha tutakaowataja mbele hawavunji mlango. Wanakuomba wewe ufungue.

Msidhani kwamba mambo haya yaliletwa na simu. Mwezi Julai 1908, wakati wa Wajerumani, ilianza kusomwa huko Lindi barua iliyodaiwa kutoka Madina, kwa jina la Sheikh Ahmad aliyesemekana kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume, aliyeota ndoto kwamba mwisho wa dunia u karibu. Barua ilitaka ipelekwe mbele, mji kwa mji. Ikanakiliwa kwa mkono, ikafika miji mingine ya pwani na hata bara, na serikali ya Kijerumani, ambayo ilikuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji, ikaingiwa na hofu na kuanza kukamata watu. Walimshuku Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa amehamia Unguja. Barua ya namna hiyo imekuwa ikirudi tena na tena katika nchi nyingi, na wanazuoni wa Kiislamu wenyewe wameikanusha mara kwa mara. Wala sisi Wakristo tusicheke. Wasomaji wenye mvi wanazikumbuka zile barua za mnyororo za shuleni zilizobeba majina ya watakatifu, kwamba zinakiliwe mara ishirini, na asiyenakili atapatwa na msiba kabla ya siku tisa. Madaftari mangapi ya hesabu yaliishia huko!

Tofauti ya siku hizo na sasa ni kasi, nayo yafaa tuifanyie hesabu. Mtu mmoja akituma kwa kumi, na kila mmoja wa kumi akatuma kwa kumi wengine, hatua ya tatu ni watu 1,000, na hatua ya sita ni 1,000,000. Zamani hatua moja ilichukua wiki nzima, kalamu na stempu. Sasa ni muda wa kuchemsha chai.

Je, twawezaje kuutambua ujumbe wa namna hii? Njia nzuri kuliko kukariri dalili ni kuuweka kando ya onyo la kweli na kuona tofauti. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa zake zikiwa na tarehe na saa. Ilitaja umbali wa kimbunga kutoka pwani, ikataja mikoa itakayoguswa, ikaeleza upepo na mawimbi yatarajiwayo, na boti za kwenda Unguja zikasimamishwa. Kilipoingia nchi kavu upande wa Mafia na kupoteza nguvu, Mamlaka ikatangaza pia kwamba kimekwisha. Haikumwambia mtu atume kwa watu kumi. Ukitaka kuhakikisha, uliweza kusikiliza redio au kumwuliza mtu wa bandarini, na wote wakakupa habari moja. Sasa chukua ule wa Dansi ya Papa uutazame: hauna tarehe, shahidi wake ni "redio" isiyo na jina, hatari yake ni ya kutisha kupita kiasi na haina dawa, wala hausemi lolote litakalotokea baadaye. Ndani yake jambo moja tu ndilo lililo wazi kabisa, nalo ni amri ya kusambaza. Amri hiyo ikitangulia kuliko habari yenyewe, tuwe na shaka.

Na tuwakumbushe vijana wa kwaya, wenye vidole vyepesi, kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha kuwa kosa la jinai. Maneno kwamba "nimetumiwa tu" si kinga ya kuitegemea.

Sasa tuje kwa wanaochukua fedha.

Kila Mtanzania mwenye simu amepata kusoma maneno haya au yanayofanana nayo: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo. Jina litakuja fulani." Maneno hayo yamekuwa mzaha mjini, watoto wanaigiza, na wachekeshaji wanayaimba. Lakini mama mmoja wa Kariakoo, ambaye hatutamtaja, hakucheka. Yeye huuza dagaa na viungo, na alikuwa mweka hazina wa kikundi cha VICOBA cha akina mama kumi na wanane. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mwenzao mmoja kupewa mkopo wa Sh. 640,000, naye alikwisha kusema kwamba atatuma namba ya kupokelea. Saa sita mchana, wateja wakiwa wamejaa mbele ya meza, ukaja ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Mama akatuma. Saa kumi alasiri mwenzake akampigia simu: "Dada, mbona kimya? Namba yangu si ile ile?"

Wengi waliposikia walimwuliza mama yule, tena kwa sauti ya ukali, mwizi alijuaje kama ana fedha mkononi? Wengine wakaanza kunong'ona kwamba labda amepanga na mtu. Hapo ndipo elimu inapohitajika, kwa sababu mwizi hakujua chochote. Tuseme kwa mfano kwamba amewatumia watu 2,000 ujumbe ule ule. Wengi hawadaiwi na mtu siku hiyo, nao watafuta na kucheka. Lakini katika jiji kama letu, kati ya watu 2,000 hawakosi 40 wanaotakiwa kulipa kitu saa ile ile: kodi ya chumba, ada, mzigo wa dukani, deni la fundi. Kati ya hao 40, tuseme 37 watagundua. Watatu watatuma. Mwizi hana haja ya zaidi ya hao watatu. Yeye ni kama mvuvi atupaye wavu gizani, na samaki aliyenaswa hudhani kwamba wavu ulisukwa kwa ajili yake.

Mama yule aliuza jokofu lake akalipa kikundi hadi shilingi ya mwisho. Hata hivyo kikundi kimegawanyika, na yeye hajaonekana katika Misa kwa miezi miwili sasa. Ndugu, fedha zimelipwa. Je, ile minong'ono itailipa nani? Tunaandika hivi kwa makusudi, kwa kuwa aibu ni mshirika mkubwa wa mwizi. Aliyeibiwa akiona aibu hatasema. Asiposema, jirani yake ataibiwa kesho kwa maneno yale yale.

Kwamba jina la mpokeaji huonekana kabla ya kubonyeza namba ya siri ni kweli, na yafaa sana kulisoma polepole. Lakini jina peke yake si ushahidi. Laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hapo wezi wakahitaji vidole vya watu wengine. Wakala asiye mwaminifu, akiwa chini ya mwavuli wake kando ya barabara, humwambia mteja, "Mzee, kidole hakijasoma, weka tena," na kwa kidole cha pili akasajili laini nyingine. Hivyo jina linalokuja katika simu yako laweza kuwa la mzee wa watu asiyejua lolote, na huenda mzee huyo ni wewe. Bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda katika duka la kampuni husika uikatae. Hili si jambo la kuahirisha hata kidogo, maana polisi wakitafuta mwenye laini watakuja kwa mwenye jina.

Wakazi wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa kwamba macho hudanganywa. Ni nani asiyeijua karata tatu, na wale vijana wawili watatu wanaosimama pembeni wakishinda kila mchezo, kumbe ni wa kundi moja? Ni nani asiyesikia habari ya mgeni aliyenunua simu mpya kwa bei ya nusu, akafika Ubungo, akafungua boksi na kukuta kipande cha sabuni? Mambo ya simu ni yale yale, ila meza ya karata imehamishiwa mfukoni mwako, na sabuni sasa inauzwa kwa picha. Hufunguliwa ukurasa wenye picha nzuri za jokofu na televisheni, ikaandikwa kwamba duka lipo mtaa wa Aggrey au Msimbazi, bei ni nusu, "lipia nusu kwanza tukutumie mzigo." Mtu wa Mtwara au Kigoma hana njia ya kuja kulitazama duka. Sisi tulio hapa tunayo miguu. Ndugu zenu wa mikoani wakiwauliza juu ya duka fulani, tokeni mwende mkaone kama lipo. Huo ni msaada mkubwa kuliko mnavyodhani.

Wafanyabiashara waagizao mizigo Guangzhou na Istanbul nao wana hatari yao, iliyo kubwa kuliko ya laki sita. Mwizi huingia katika baruapepe ya mmoja wa wanaoandikiana, hukaa kimya akisoma, akajifunza mtindo wao, na siku ya kulipa inapofika hutuma ankara inayofanana kabisa na ya siku zote, ila yasema akaunti ya benki imebadilika. Mara nyingine anwani ya baruapepe hutofautiana kwa herufi moja tu. Dawa yake ni kwamba neno "akaunti imebadilika" lisikubaliwe kamwe kwa njia ile ile lililokuja. Mpigie mwenzako simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika ankara mpya, umsikie sauti.

Njia nyingine tutazipita upesi. Yuko atumaye ujumbe wa uongo kwamba umepokea Sh. 250,000, kisha akapiga simu kwa unyenyekevu, "Shikamoo mama, nimekosea namba, naomba unirudishie." Usitazame ujumbe, tazama salio lako mwenyewe, wenye M-Pesa hubonyeza *150*00#, na mitandao mingine ina namba zake. Yuko ajifanyaye mwalimu au daktari, akisema mtoto ameanguka shuleni na anahitaji upasuaji saa hii. Sisi tuliofanya kazi ya ualimu twawaambia wazazi: andikeni namba ya mwalimu mkuu na ya matroni katika karatasi, ibandikeni ukutani, na mpige hizo kwanza. Wako wa Freemason, wa utajiri kwa siku saba, nao hutoza "ada ya fomu". Na wako waganga wanaojifanya wamekosea namba ya mteja wao. Wako wale wa barua za urithi kutoka kwa mjane wa jenerali, ambazo katika miaka ya 1980 zilikuja maofisini kwa posta zikiwa na stempu, zikaja kwa baruapepe, na sasa zinakuja kwa WhatsApp. Wenyewe Wanaijeria huziita 419, kwa kifungu cha sheria yao ya jinai. Na yuko anayekuomba umtajie tarakimu sita "zilizokuja kwako kwa bahati mbaya". Hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, atakaa katika jina lako na kuwaomba fedha rafiki zako, nao watatoa, kwa kuwa wanakupenda.

Mtaona kwamba karibu wote hawa wana adabu. Husema shikamoo, husema samahani, hulitaja jina la Bwana. Pia wana haraka. Adabu pamoja na haraka ya kutaka fedha ni mchanganyiko unaopaswa kutufanya tuketi chini.

Katika nyumba za ibada hatari huwa kubwa zaidi, maana hapo watu wamezoea kuaminiana. Wengi mnaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Ilitumia lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, viongozi wake walikuwa watu wa dini, na maelfu ya waumini wa madhehebu mbalimbali walipanga foleni kuipelekea akiba zao. Waliovuna mwanzoni walivuna kweli, na ushuhuda wao ndio uliowaleta wengine. Lakini mavuno hayo yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma, wala hapakuwa na shamba. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Hadi leo wako watu wasiotaka kuyasikia maneno "kupanda mbegu" yakisemwa na mhubiri, nasi hatuwalaumu.

Mtume Paulo naye alisumbuliwa na barua zisizo zake. Katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, sura ya pili, anawatahadharisha wasifadhaishwe na barua iliyoandikwa kana kwamba imetoka kwake. Na mwisho wa sura ya tatu anawapa alama ya kumtambua, kwamba salamu za mwisho huziandika kwa mkono wake mwenyewe katika kila waraka. Tunapendekeza kwa Baraza la Mtaa lifanye vivyo hivyo. Namba ya sadaka na ya ujenzi ichapwe katika gazeti hili kila mwezi, ukurasa ule ule, na ikibadilika itangazwe kanisani kwa mdomo wa Padre, Jumapili mbili mfululizo. Ujumbe wowote mwingine unaosema namba imebadilika, hata ukiwa na picha ya Padre akiwa amevaa kasula, uhesabiwe kuwa wa mwizi.

Ikitokea umekwisha kutuma, usilie kwanza. Piga 100 mara moja, uwape huduma kwa wateja namba ya muamala, kwa kuwa fedha ambayo mwizi hajaitoa kwa wakala huweza kuzuiwa. Dakika kumi ni nyingi sana hapa. Kisha nenda kituo cha polisi na ujumbe ukiwa bado umo katika simu. Usiufute kwa hasira. Ujumbe wa kitapeli, hata ule usiokudhuru, utume kwenda 15040, ambayo ni namba ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo, ili laini ya mwizi ifungwe. Na mtu akikupigia akidai ni wa kampuni ya simu, tazama namba: kampuni hupiga kwa 100, si kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, wala hawaulizi namba yako ya siri kwa sababu yoyote ile.

Kwa mazoezi ya nyumbani, someni pamoja jumbe hizi tatu, wakubwa kwa wadogo, mseme kwa kila mmoja mngefanya nini na mngemwuliza nani.

Wa kwanza: "Shikamoo baba. Ni mimi mwanao, simu imeanguka majini, hii ni ya rafiki. Naomba elfu themanini ya mtihani, mwisho ni leo saa nane. Usipige, niko darasani."

Wa pili: "Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua kubwa inatarajiwa usiku wa leo na kesho katika mikoa ya Pwani, Dar es Salaam na Tanga. Chukueni tahadhari."

Wa tatu: "Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mweka hazina yuko safarini, sadaka ya paa itumwe kwa namba hii hadi atakaporudi."

Ule wa pili ndio mgumu, kwa maana umefanana na wa kweli na bado umekosa kitu kimoja tulichokitaja. Majibu tutayapokea ukumbini, Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya Misa ya pili. Wenye simu waje nazo, na wasioona vizuri maandishi madogo waje na wajukuu zao.